Sanamu ya Kiti cha Mwisho

Jumapili nilikwenda kuangalia besiboli hapa Milwaukee, Marekani, kwa tiketi ya bei ya chini, kule juu kabisa karibu na paa. Mstari wa mwisho nikakuta mtu wa shaba amekaa kitini, na watu wamepanga foleni wapige naye picha. Ni Bob Uecker. Nilisimama pale mpaka macho yakalowa, nikiwawaza wachezaji wetu wastaafu wa Tanzania ambao hatuwapi maikrofoni.

Huyu hakuwa nyota wa kutisha. Misimu 6 tu ya ligi kuu, 1962 hadi 1967, mdakaji wa akiba. Kwa hesabu rasmi alishika gongo mara 731 akapata mipigo 146. Lakini ni mtoto wa hapahapa mjini. Mwaka 1971 akaanza kutangaza redioni mechi za Brewers, timu ya hapa, mwanzoni akiwa pembeni ya wazoefu kama Merle Harmon, na maikrofoni ile hakuiacha hadi 2024. Misimu 54! Mwaka 2018 wachezaji, wengi wao sawa na wajukuu zake, walipiga kura apewe mgawo kamili wa fedha zao za mtoano. Alifariki Januari 2025, akiwa na miaka 90.

Najua mtakachosema. "Kapanda ndege juzi, leo anatusema." Jamani, mimi ni wa Temeke na nitabaki wa Temeke. Na sijasema hatuna sauti. Nimelelewa na Ahmed Jongo, mtangazaji wa mpira wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), mtu aliyekufanya umwone winga akichanja mbuga huku umekaa gizani na betri zinakata roho. Simbadilishi na mtangazaji yeyote wa huku.

Mtanitajia Ally Mayay, nahodha wa zamani wa Yanga. Sawa kabisa, uchambuzi wake ni darasa. Lakini niambieni: kikosi cha Taifa Stars kilichotupeleka Lagos 1980, ambacho baada yake tulikaa miaka 39 bila kuiona tena AFCON, ni wangapi mmewahi kuwasikia wakiulizwa habari za mpira isipokuwa kwenye msiba wa mwenzao?

"Wengi wao hawakusoma." Hoja hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Mtu ametumia miaka kumi kumsoma mshambuliaji kwa jinsi anavyoinamisha bega, halafu tunamwambia hajasoma? Kushika maikrofoni kunafundishika. Mkalisheni kando ya mtangazaji mzoefu msimu mmoja, mwacheni akosee, mwacheni akohoe hewani, atazoea. Jicho lile haliuzwi dukani.

Baba yangu mdogo alikuwa beki wa kushoto miaka ya themanini. Klabu aliyoiachia goti lake haijawahi kumpa hata tiketi ya mzunguko. Watani, Simba na Yanga, wakicheza saa kumi na moja jioni ya Dar, huku kwangu ni saa tatu asubuhi, basi nampigia simu. Anapunguza sauti ya runinga, ananitangazia mwenyewe. "Mwangalie yule namba tatu wao, kasinzia. Mpira unaofuata unapita mgongoni kwake." Dakika haiishi, unapita kweli, nasikia mtaa mzima ukilipuka nyuma yake.

Dakika tisini, namsikiliza mimi peke yangu.