Harufu haikurudi mafua yalipoisha

Makala niliyosoma kuhusu kupoteza uwezo wa kunusa inasema mafua yakipona, harufu hurudi yenyewe. Kwa wengi ni kweli. Mama yangu mafua yalipona, harufu haikurudi karibu miaka miwili. Tukasema ni uzee tu, mpaka daktari wa masikio, pua na koo alipomchungulia akakuta vinyama laini vimeota pande zote mbili za pua.

Sehemu inayonusa iko juu kabisa ndani ya pua, kwenye upenyo mwembamba. Ukivimba au kuzibwa, harufu haifiki, hata kama mtu anapumua vizuri. Ulimi unabaki na utamu, chumvi, uchachu na uchungu. Kwa mama pilau ikawa wali wenye chumvi, akaanza kukonda. Kilichonitisha zaidi ni gesi: siku moja mtungi ulikuwa unavuja na yeye amekaa palepale jikoni, hana habari.

Na jamani, yale matone ya kuzibua pua, msiyatumie zaidi ya siku chache! Pua ikiyazoea huziba zaidi. Mama aliyatumia miezi. Daktari akamwachisha matone hayo, akampa steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani. Wiki kadhaa baadaye alinusa kitu kwa mara ya kwanza: karafuu.