Kabla ya setilaiti, jicho la nahodha

Mpiga mbizi anayeibuka mbali na boti katika mkondo wa Pemba, msimu wa kusi, hugundua upesi kwamba kichwa chake kilichovikwa kofia nyeusi ya mpira hakitofautiani na kivuli cha wimbi. Maji ya pwani yetu husukumwa kuelekea kaskazini, na kusi ikivuma mwendo wake huzidi. Penye mwendo wa kilomita 3 au 4 kwa saa, nusu saa ya kutoonekana inatosha kumpeleka mtu kilomita moja na nusu hadi mbili kutoka pale anapotafutwa.

Kwa sababu hiyo siafikiani na wanaomshauri mzamiaji aanze kwa kununua kifaa cha elektroniki. Kile kinachotangaza mahali ulipo kwa AIS, mfumo wa vyombo vya majini kutambuana, na kwa VHF, redio ya mawasiliano ya baharini, husikika na chombo chenye mashine ya kupokea tu. Meli za mizigo zinayo, lakini mashua na ngalawa za wavuvi, ambazo ndizo zitakazopita karibu nawe, kwa kawaida hazina. Kile cha setilaiti, kinachotumia masafa ya megahezi 406, hakitegemei jirani, kwani ujumbe wake hupokewa na kituo cha uokoaji nchi kavu. Hata hivyo, sharti kisajiliwe, kikae ndani ya kasha linalohimili shinikizo la kina, na antena yake ielekee mbinguni bila kuzama. Na baada ya yote hayo bado utasubiri chombo kitoke bandarini. Ninakithamini, lakini ninakiweka nafasi ya mwisho.

Fedha ya kwanza ningeitoa kwa boya la kujaza hewa, jembamba na refu, lisilopungua mita 1.8. Yale mafupi yanayouzwa kwa bei ya kuvutia hulazwa na upepo, na boya lililolala juu ya maji ni sawa na kutokuwa nalo. Liwe na vali inayozuia hewa isitoroke, tena uweze kulijaza kwa mdomo, maana huenda mtungi wako umekwisha. Ukilishika, livute chini kwa nguvu ili lisimame wima.

Kioo kidogo ni cha bei ndogo kuliko vyote, na jua likiwa wazi mwako wake huonekana kilomita nyingi. Tochi hushika zamu magharibi ikiingia. Filimbi ninaibeba, ingawa sijapata kuona nahodha akiisikia injini ikiwa inanguruma.

Kuhusu rangi ya boya, mimi nilichagua njano. Alasiri moja ya kusi tulichukuliwa na maji, mimi na mwenzangu, tukakaa dakika arobaini tukiitazama boti ikitutafuta upande usio wetu. Nahodha alinieleza baadaye kwamba aliiona njano kwanza, akadhani ni dumu la mvuvi, akageuza boti kwenda kuliokota.