Mawimbi Yaliyobaki

Nimeona niandike mwenyewe, maana jamaa yangu amekwisha kuwasimulia kisa cha waifai iliyonigomea jana kwenye magrupu yote na toleo lake lina chumvi nyingi. Amesema nilimfokea dada wa huduma kwa wateja. Sikumfokea. Niliongea naye kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema, na hapo ndipo penye aibu yenyewe. Amesema pia nilivaa miwani ili nionekane fundi. Ile miwani ni ya macho, na yeye anajua. Yaliyobaki, ole wangu, ni kweli.

Jana nilikuwa na kikao cha mtandaoni saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu nikafungua laptopu. Waifai imeunganishwa, vile vipinde vyote vimejaa pomoni, ila chini yake pameandikwa hakuna intaneti. Nikashika simu, nayo haifungui kitu. Jamaa alikuwa amepita kuazima ngazi, akatoa yake mfukoni: "Na kwangu imegoma." Mke wangu akaitikia kutoka chumbani: "Hata kwangu." Mashahidi watatu, vifaa vinne. Mahakama gani ingeiachia huru ruta ile?

(Wageni humu, mjue kwamba mimi ndiye fundi wa ukoo. Shangazi akibonyeza kitu maandishi yakawa makubwa kama tangazo la barabarani, napigiwa mimi. Cheo hicho sikukiomba, lakini sikuwahi kukikataa pia.)

Basi nikaanza kwa utaratibu, tena kwa sauti, ili jamaa ajifunze. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani za mtandao za kompyuta. Nikamweleza kuwa kompyuta ikikosa kupewa anwani na ruta hujibandikia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na ukiiona hiyo ujue mambo yameharibika humo humo ndani. Yangu ilianza na 192.168. "Umeona?" nikamwambia. "Ruta inagawa anwani vizuri kabisa." Nikaishia hapo kusoma. Mkumbuke kwamba niliishia hapo.

Nikapingi, yaani nikabisha hodi nione kama nitajibiwa, kwenye anwani ya lango, kile kifaa ambacho laptopu hupitia kutoka kwenda kwenye intaneti; ikajibu haraka bila kukwama. Nikapingi 8.8.8.8 ya Google, kimya, muda umeisha, muda umeisha, muda umeisha. Nikaegemea kiti kama daktari aliyemaliza kusoma picha ya eksirei. "Humu ndani tuko salama. Tatizo liko kwao huko nje."

Kitu kimoja tu kilinikera. Nilipoandika 192.168.1.1 kwenye brauza ili niingie kwenye mipangilio ya ruta, ukurasa ulikataa kufunguka. Hilo nililitolea hukumu papo hapo: ruta imechanganyikiwa.

Jamaa akauliza kama huenda ni ukuta unaozuia. Swali zuri, nikalipa heshima yake. Nikabeba laptopu mkono mmoja, simu mfukoni, nikazunguka nayo nyumba nzima. Sebuleni vipinde vimejaa. Stoo, vimejaa. Bafuni, ambako waifai yetu haijawahi kufika tangu tuhamie, vimejaa! Nikatoka nje hadi uzioni, vimejaa vile vile. Nikarudi na darasa jipya: masafa ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta huyachosha, ila ya 2.4 GHz hupenya na kufika mbali. "Hii ndiyo nguvu ya 2.4," nikasema, na nikapigapiga mfuko wa suruali kwa kuridhika. Mfuko ulikuwa wa moto. Nikadhani ni jua.

Ikabaki dawa ya wahenga wa kompyuta, yaani zima, washa. Nikaenda mwisho wa korido ilipo ruta, nikaichomoa. Inatakiwa kusubiri kama sekunde 30, ila mimi nikaamua ipoe vizuri.

Papo hapo kilio kikatoka chumba cha mtoto, kilicho jirani na ruta: "Babaaa! Katuni imekata!"

Jamani. Mtoto alikuwa anaangalia katuni kwenye tableti yake muda wote ule. Katuni inacheza, haikwami, picha safi. Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo akawaza. Mimi nilimgeukia jamaa nikamwambia, "Umesikia? Tatizo linaenea."

Halafu nikatazama laptopu. Ruta iko mikononi mwangu, waya unaning'inia, haina taa hata moja. Vipinde vimejaa.

Jamaa akatazama ruta, akatazama laptopu, akanitazama mimi. "Mbona bado inashika?"

Sasa hapa ndipo toleo lake na langu yanapogongana. Yeye anadai nilisema, "Ni mawimbi yaliyobaki hewani." Mimi nasisitiza kwamba nilianza na neno "huenda". Huenda ni mawimbi yaliyobaki hewani. Kwa mwanasayansi tofauti hiyo ni kubwa sana. Eti nikaongeza kwamba yataisha yenyewe tukifungua madirisha. Hilo la madirisha sikulisema. Nilifungua tu madirisha.

Yalipokataa kuisha, nikachukua pini, nikaichomeka kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta, nikabonyeza kwa sekunde kumi huku nahesabu kwa sauti. Kwa wasiojua, hiyo hufuta kila kitu na kuirudisha ruta kama ilivyotoka kiwandani. Na kwa wasiojua zaidi, kama mimi, kile kitufe hakifanyi kazi ruta ikiwa haina umeme. Ujinga wangu mmoja uliokolewa na mwingine.

Saa nne kasoro dakika kumi nikapiga huduma kwa wateja. Nikaweka sauti ya nje makusudi, ili hawa wawili wasikie watu wa huduma wanavyozungumzishwa. Mke wangu akaja akasimama mlangoni na mikono kifuani.

Akapokea dada mmoja mpole. Nikamwagia yote: 169.254, 8.8.8.8, 2.4 GHz. Nikamalizia kwamba mimi si wa kuambiwa zima uwashe, nimeshika kompyuta miaka mingi.

"Sawa kaka, nakuelewa," akasema. "Ruta inawaka taa zipi sasa hivi?"

"Haiwaki. Nimeichomoa."

"Sawa. Na laptopu inaonyesha nini?"

"Imeunganishwa. Vipinde vyote vimejaa."

Kimya.

"Samahani kaka. Ruta umeichomoa kwenye umeme?"

"Ndiyo dada."

"Na waifai imejaa."

"Imejaa."

Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Nikasikia mtu wa pembeni yake anauliza "nini?" Kwa kutaka kumsaidia, nikamweleza kuhusu mawimbi yaliyobaki. Ndiyo, nilirudia. Kwa simu, kwa sauti ya nje. Na wanasema simu hizo hurekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma.

Akaniomba dakika moja. Nadhani alikusudia kubonyeza kitufe cha kunyamazisha, hakikubonyea. Tulichosikia sisi watatu ni chumba kizima cha watu wanaojitahidi kutocheka, kisha mmoja akashindwa, kisha wote.

Aliporudi, sauti yake ilikuwa inatetemeka kidogo. "Kaka, kwenye lile dirisha jeusi, nisomee anwani ya lango. Yote, tafadhali, mpaka mwisho."

Nikasoma. "192.168. Arobaini na tatu. Moja."

"Arobaini na tatu," akarudia taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa ngazini. "Kaka, simu unayoongea nami ni ya aina gani?"

"Android."

"Hebu iondoe sikioni, sijui kama umeiweka sikioni. Vuta chini ile sehemu ya juu ya skrini. Unaona nini?"

Nikavuta. Nilivuta polepole, maana kidole kilikuwa kimeshajua. Kwanza ikatoka saa. Halafu betri, asilimia 11. Halafu ujumbe kwamba bando langu limekwisha saa kumi na moja alfajiri. Halafu, kwa herufi ndogo zisizo na kelele: hotspoti imewashwa, vifaa 3 vimeunganishwa.

Jamaa alikuwa ananichungulia begani. Akasoma kwa sauti, moja baada ya nyingine: laptopu yangu, simu ya shemeji yake, na simu yake mwenyewe. Alipofika kwenye simu yake alikaa chini sakafuni. Hakutafuta kiti.

Basi niwaeleze. Juzi usiku umeme ulikatika, nikawasha hotspoti ya simu. Na kwa kuwa mimi ni fundi, nikaipa jina lile lile la waifai ya nyumbani na nenosiri lile lile, ili vifaa vyote vijiunge vyenyewe bila kuuliza. Niliona nimetumia akili kubwa. Umeme uliporudi nikalala. Hotspoti nyingi hujizima zenyewe zikikosa mtu, ila yangu ilikuwa na mtu: laptopu, ambayo ilidhani iko nyumbani kwenye intaneti ya mwezi mzima, ikashusha masasisho usiku kucha hadi ikakausha bando. Asubuhi kila kifaa kilichonikaribia kikachagua waifai yenye nguvu zaidi. Mimi. Lile lango la arobaini na tatu lilikuwa simu yangu mfukoni, si ruta. Nilikuwa ruta inayotembea. Ndiyo maana bafuni kulijaa.

"Kaka upo?" akauliza yule dada.

Mke wangu ndiye aliyejibu. "Yupo dada, tunamfungulia madirisha."

Nikazima hotspoti, nikachomeka ruta, dakika mbili taa zikatulia, katuni ikarudi. Kikaoni niliingia saa nne na robo, nikasema nilikuwa na tatizo la mtandao, nikanyamaza hadi mwisho. Bando sijanunua jingine. Jina la hotspoti limebadilishwa, na si mimi niliyelibadilisha: sasa linasomeka "Mawimbi Yaliyobaki", mkipita karibu yangu mtaliona. Jana usiku nilipozima taa ya sebuleni mtoto aliuliza kama mwanga uliobaki utatosha kumfikisha kitandani. Nani amemfundisha, sijui, ila kuna mtu alikuwa anacheka jikoni.

Jioni hiyo hiyo uliingia ujumbe kutoka kwa wale wa intaneti: tatizo lako limetatuliwa? Jibu NDIYO au HAPANA. Nikaandika NDIYO. Jamaa, ambaye hadi saa hizo alikuwa hajaondoka na ngazi yake, akasema ongeza na samahani, yule dada amevumilia mengi. Nikaona ana hoja. Nikaongeza, nikatuma.

Ikarudi: "Jibu lako halijaeleweka. Tafadhali jaribu tena."