Kura za Wajumbe Marekani: Lawama Zimeelekezwa Pasipostahili

Mmarekani anayeingia katika chumba cha kupigia kura mwezi Novemba na kuweka alama mbele ya jina la mgombea urais, kisheria hamchagui mgombea huyo. Anachagua kundi la wajumbe walioteuliwa na chama cha mgombea katika jimbo lake. Wajumbe hao hukutana Desemba, kila kundi jimboni kwake, na kura zao ndizo zinazohesabiwa mbele ya Bunge la Kongresi tarehe 6 Januari. Kwa jumla ni wajumbe 538, na mshindi anahitaji 270. Kila jimbo hupata wajumbe sawa na viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, vinavyogawiwa kwa kufuata wingi wa watu, kisha huongezewa wawili kwa ajili ya maseneta wake wawili, ambao kila jimbo linao, liwe kubwa au dogo. Jiji la Washington, ambalo si jimbo, lina wajumbe watatu kwa marekebisho ya katiba ya 1961.

Nyongeza hiyo ya wawili ndiyo inayolaumiwa zaidi. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita kwa sensa ya 2020, ina wajumbe watatu; California, yenye watu zaidi ya milioni 39, ina 54. Ukigawanya, mjumbe mmoja wa Wyoming anasimama kwa watu wapatao 192,000, na wa California kwa zaidi ya 730,000. Inaeleweka kwa nini mtu wa Los Angeles ahisi kwamba kura yake imepunjwa.

Je, punjo hilo ndilo lililowapa urais watu walioshindwa kwa kura za wananchi? Twende kwenye hesabu. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima, lakini majimbo yalimpa Trump wajumbe 306 dhidi ya 232, kabla ya wachache kukaidi walichotumwa. Ondoa wajumbe wawili wa nyongeza kila mahali: Trump aliyeshinda majimbo 30 anabaki na 246, na Clinton, aliyeshinda majimbo 20 na jiji la Washington, anabaki na 190. Matokeo hayabadiliki. Mwaka 2000 jibu linageuka, kwa kuwa bila nyongeza hiyo Al Gore angepata 225 na George W. Bush 211. Kwa hiyo upendeleo kwa majimbo madogo una nguvu pale tu pambano linapokuwa la unywele. Kilichomvusha Trump ni kanuni nyingine, ya kwamba anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura moja, huchukua wajumbe wake wote. Wisconsin, Michigan na Pennsylvania zilimwendea kwa tofauti ya jumla ya kura zipatazo 78,000.

Kanuni hiyo haimo katika katiba, na hapa ndipo watetezi na wapinzani wengi hupitana bila kuonana. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 inasema tu kwamba kila jimbo litateua wajumbe kwa namna ambayo bunge lake litaelekeza. Mwanzoni namna zilikuwa nyingi: baadhi ya mabunge yaliteua yenyewe, na kwingine wananchi walichagua wilaya kwa wilaya. Kisha Virginia ikabadili utaratibu wake kwa ajili ya uchaguzi wa 1800 ili kura zake zote zimwendee Thomas Jefferson, na wengine hawakukubali kuachwa nyuma. Kufikia 1836 ni South Carolina pekee iliyokuwa nje ya utaratibu huo. Leo Maine na Nebraska tu ndizo zinazogawa baadhi ya wajumbe kwa wilaya. California, ngome ya Chama cha Demokrasia, ikifanya hivyo peke yake, chama hicho kitakuwa kimewazawadia Warepublican wajumbe kadhaa bure. Texas nayo ina hesabu hiyo hiyo kwa upande wa pili. Kila mmoja ameushika mkia wa chui, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuachia.

Watetezi husema mfumo huu hulinda majimbo madogo yasimezwe na miji mikubwa. Hoja hiyo hainishawishi. Wagombea hawapigi kambi Wyoming wala California, kwa sababu zote mbili mshindi wake anajulikana mapema. Hupiga kambi Pennsylvania, ambayo si ndogo hata kidogo. Tena, Philadelphia kulikuwa na jambo ambalo watetezi hulitaja kwa haraka: majimbo ya Kusini yaliingiza watatu katika kila watumwa watano kwenye hesabu ya viti, na hivyo ya wajumbe, ilhali watumwa hao hawakuruhusiwa kupiga kura. Kura ya moja kwa moja ingewanyima mabwana wa watumwa hao faida hiyo.

Hoja yao nzito ni nyingine, na msomaji wa Kenya ataielewa kwa urahisi. Nchi inapojumlisha kura zote katika kapu moja, mgogoro wowote wa hesabu huwa mgogoro wa taifa zima. Agosti 2022, macho ya Wakenya wote yalikuwa Bomas, kulikojumlishwa kura za urais, na makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo. Mwaka 2000 Marekani ilibishania kura 537 za Florida, lakini majimbo mengine 49 hayakulazimika kufungua masanduku yao. Mfumo hufungia moto katika chumba kimoja.

Ila chumba hicho pia humwonyesha mwenye kiberiti mahali pa kuwasha. Mwaka 2020 Joe Biden aliongoza kwa kura zipatazo milioni saba, pengo ambalo hakuna ambaye angeweza kulifuta kwa ujanja. Georgia, hata hivyo, pengo lilikuwa 11,779, na Trump alimpigia simu ofisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo akimtaka atafute kura 11,780.

Kubadili katiba kumeshajaribiwa. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kura ya moja kwa moja kwa 338 dhidi ya 70, na mwaka uliofuata hoja ikafia Seneti. Njia inayojaribiwa sasa ni mkataba wa majimbo wa kumpa wajumbe wao aliyeongoza kwa kura za nchi nzima, utakaoanza kazi wanachama wake wakifikisha wajumbe 270. Kufikia mwishoni mwa 2024 walikuwa na 209.

California imo katika mkataba huo. Ungekuwa unafanya kazi mwaka 2024, wajumbe wake 54 wangemwendea Trump, aliyeongoza nchi nzima, ingawa wapiga kura wa California walimpa Kamala Harris ushindi wa zaidi ya kura milioni tatu. Mkataba unazuia jimbo kujitoa katika miezi sita ya mwisho ya muhula wa rais. Wanasiasa wa Sacramento, mji mkuu wa California, wangelitii sharti hilo Desemba ile, huku wapiga kura wao wakiwa mlangoni?