Fuwele ya kirusi: hujijenga au hujengwa?

Kiwavi aliyeuawa na bakulovirusi, kundi la virusi vya wadudu, mara nyingi hukutwa kileleni mwa mmea, akining'inia kichwa chini. Ngozi yake hulainika, hupasuka, na mwili wote hudondoka juu ya majani kama uji. Weka tone la uji huo chini ya hadubini ya kawaida, utaona chembe zinazong'aa, zenye pande bapa na kona kali, nyingi zikiwa na upana wa maikromita 1 hadi 3. Hizo ndizo polihedra, yaani fuwele za kirusi. Ndani ya kila moja virusi vimezikwa kwa makumi, na humo vinaweza kusubiri udongoni kwa miaka. Vikiwa nje ya fuwele, jua huviua upesi.

Fuwele inayovizunguka virusi karibu yote ni protini moja tu, polihedrini. Ile ya kirusi cha nondo Autographa californica ina asidi amino 245. Ubishi unaanzia hapo: protini hii hujipanga yenyewe mpaka ngome ikakamilika, au kuna mafundi wengine?

Wanaosema hujipanga yenyewe wana ushahidi mzito. Mwaka 2007 watafiti walizipiga eksirei fuwele za sipovirusi, kundi jingine la virusi vya wadudu, zikiwa vilevile zilivyotoka ndani ya seli. Walikuta molekuli za polihedrini zimeshikana tatu tatu, na kila molekuli imenyoosha mkono kutoka mwanzo wake kushika kundi la jirani. Zimebanana kuliko fuwele nyingi za protini. Baadaye polihedra za bakulovirusi nazo zikachunguzwa. Sipovirusi hubeba jeni zake katika RNA, bakulovirusi katika DNA. Mifuatano ya asidi amino ya polihedrini zao haifanani. Lakini mpangilio wa molekuli ndani ya fuwele ni uleule. Tena ukiipa seli jeni la polihedrini ya sipovirusi peke yake, bila kirusi chenyewe, fuwele zinatokea. Zimetengenezwa hata nje ya seli kabisa. Ndiyo maana watafiti wameweza kuzitumia kama ghala: protini nyingine hufungwa kipande cha mkono ule wa polihedrini, nayo inazikwa ndani ya fuwele ikiwa bado nzima.

Mlango wa kutokea nao umo katika kemia ya protini hiyohiyo. Utumbo wa kiwavi una alkali kali, pH ya 10 au zaidi, na humo fuwele huyeyuka na kuviachia virusi.

Hadi hapo mtu angeona ubishi umekwisha. Mimi sioni hivyo, kwa sababu fuwele tupu haimsaidii kirusi chochote. Fuwele kwa kawaida hukataa kitu kigeni. Ndiyo maana chumvi ikiganda hujisafisha. Hii inakubali kuzungukia virusi, tena vimelala ovyo kila upande, na safu zake zisivurugike. Jambo hilo linanishangaza kila nikiliwaza. Halafu badilisha asidi amino moja tu ya polihedrini ya bakulovirusi, ya 25, kutoka glisini kuwa asidi aspatiki: fuwele bado zinajengeka, ila ndani yake virusi ni haba. Kujenga na kuzika, basi, ni kazi mbili.

Kuna wasaidizi pia. Protini ya p10 hufuma nyuzi na mirija ndani ya seli, na ikikosekana, utando unaofunika uso wa fuwele haukai sawasawa. Nyingine, iitwayo 25K, ikiharibika, seli hutoa fuwele chache, na virusi ndani yake ni wachache au hawamo kabisa. Katika bakulovirusi hata mahali pa ujenzi pamechaguliwa: ni ndani ya kiini cha seli, siku za mwisho za maambukizi, baada ya kirusi kwanza kutuma nakala zisizo na fuwele kwenda kushambulia seli nyingine za mwili uleule.

Kwa hiyo nakubaliana na upande wa kwanza kuhusu matofali, si kuhusu nyumba. Na tofauti hiyo ina gharama kwa wanaotaka kuzalisha virusi hivi kama dawa ya kuua viwavi. Vikikuzwa kwenye seli za chupani, vikihamishwa kutoka chupa moja hadi nyingine, virusi wenye 25K mbovu huwapiku wenzao baada ya mizunguko michache tu. Chupani hakuna jani wala jua, na anayeacha kujificha kwenye fuwele hutoa nakala nyingi zaidi za kuambukiza seli jirani. Mzalishaji anayehesabu fuwele peke yake anaweza kuridhika na chembe zinazong'aa ambazo haziui kitu. Inabidi azikate na kuchungulia ndani kwa hadubini ya elektroni, au awalishe viwavi aone kama wanakufa.