Lile pilau la kwenye daladala lilikuwa mimi

Kwanza kabisa: sikujikojolea. Najua jamaa yangu keshatangaza Mbagala nzima. Yale yalikuwa maji ya chupa, tena ya hela yangu.

Fangasi za mapajani mnazijua, msijifanye. Joto hili la Dar, jinzi ya kubana, unaongea na watu unatabasamu huku roho yote iko kwenye kujikuna. Jirani akaniambia ponda kitunguu saumu kibichi, paka usiku, habari yake imekwisha. Mimi usiku nikauona mbali. Nikapaka asubuhi kwa moyo mkunjufu, nikadandia daladala ya Kariakoo.

Tunafika Mtoni kwa Aziz Ali, mama wa pembeni yangu ananusa. "Humu kuna mtu kabeba pilau?" Konda naye ananusa. Watu wakaanza kuchungulia chini ya viti. Mimi macho dirishani.

Mara huko chini pakapata uvuguvugu. Nikasema dawa hiyo inaingia. Uvuguvugu ukawa moto. Nikabana miguu, kumbe ndiyo nasugua. Nikaachia, goti likampata mama. "We baba, vipi?" Jasho linatoka, machozi yanatoka, makalio yananyanyuka kitini yenyewe, na foleni haisogei. (Wewe unayecheka, nakuona.)

"Shusha!"

"Hapa si kituo, braza."

"SHUSHA!"

Nikapita juu ya mapaja ya watu, harufu inanifuata kiti kwa kiti. Mama akasema kwa sauti, "Kumbe pilau lenyewe ndilo hilo linashuka!"

Chini kuna dogo anauza maji baridi. Sikuuliza bei. Nikalegeza mkanda, chupa ya kwanza ndani, ya pili ndani, macho nimefumba, natoa mlio ambao hata mimi siujui. Kufumbua: daladala bado imekwama palepale, madirisha yamejaa vichwa, na kwenye daladala ya nyuma yake yuko jamaa yangu, simu mkononi.

Mengine mafupi. Binti wa duka la dawa alijikaza mpaka nilipotaja kitunguu. Akasema malengelenge yapone kwanza, kisha nipake klotrimazoli, ile krimu ya fangasi, na nisiache eti muwasho umeisha. Sasa niko ndani na kanga, natembea kama niliyetoka jandoni, na shemeji yenu yuko jikoni anauliza vitunguu saumu vyake vya Ijumaa vimekwenda wapi.