Mkereza Vyuma wa Dayton

Mwezi Juni 1901, fundi mmoja wa kukereza vyuma katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio nchini Marekani, aliacha kazi ya senti 25 kwa saa akachukua kazi ya senti 30. Jina lake lilikuwa Charles Taylor, na waajiri wake wapya walikuwa ndugu wawili wenye duka la baiskeli, Wilbur na Orville Wright, ambao baadaye wangerusha ndege ya kwanza yenye injini. Alipokuja kueleza uzeeni kwa nini aliikubali kazi hiyo, sababu zake hazikuhusu ndege hata kidogo. Alitaja mshahara wa dola 18 kwa wiki, akataja kwamba aliwapenda wale ndugu, kisha akataja jambo ambalo wengi hulisoma na kulisahau: duka lilikuwa mitaa michache tu kutoka kwake, kwa hiyo saa ya mchana angeweza kupanda baiskeli akaenda kula nyumbani.

Naanzia kwenye chakula hicho kwa makusudi. Tumezoea kumsimulia Taylor kama mtu aliyekosa bahati, aliyekaa karibu na watu mashuhuri bila kupata utajiri, hakuwahi kuwa rubani, akafa maskini. Hayo yote ni kweli, lakini ni hesabu ya watu wengine. Mtu anayechagua kazi kwa kuangalia kama atawahi mezani kwa mkewe na watoto wake ana hesabu yake mwenyewe, nami sioni kwa nini iwe ndogo kuliko ya mtu anayetafuta sifa.

Ufundi wake, hata hivyo, haukuwa mdogo. Mwishoni mwa 1902 akina Wright waliwaandikia watengenezaji wa magari wakitafuta injini nyepesi yenye nguvu ya kutosha kurusha chombo chao, na hakuna aliyeweza kuwapatia. Ikabidi waiunde wenyewe, na kazi ya mikono ikamwangukia Taylor, ambaye kabla ya hapo alikuwa amewahi kujaribu kukarabati injini moja tu ya petroli, ya gari, tena bila mafanikio makubwa. Hapakuwa na michoro rasmi. Walikaa, wakazungumza juu ya kipande fulani, mmoja wao akakichora kwenye karatasi chakavu, na Taylor akaibandika juu ya meza yake ya kazi.

Tazama alivyotengeneza krankishafti, yaani mhimili wa injini unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Leo chuma kingepashwa moto na kufuliwa kwa mashine hadi kikaribie umbo lake. Yeye alipewa bamba la chuma lenye urefu wa kama sentimita 79, upana wa 15 na unene wa 4, ambalo kwa hesabu yangu lilikuwa na uzito unaokaribia kilo 40. Akachora umbo la krankishafti juu ya bamba, akatoboa matundu kwa kufuata mchoro, moja baada ya jingine, hadi akaweza kuking'oa chuma cha ziada kwa nyundo na tindo. Kilichobaki akakifunga kwenye mashine ya kukereza, akakitoa kikiwa na uzito wa chini ya kilo 9, na kilipozungushwa kikakaa sawa bila kuyumba. Aliyewahi kusimama mbele ya mashine hiyo anajua maana yake: ukikata zaidi ya ilivyotakiwa, hurudishii, unaanza bamba jipya.

Injini yote ilichukua wiki sita. Ilikuwa na silinda nne, bloku, yaani mwili wa injini, ya aluminiamu iliyomiminwa palepale Dayton, na haikuwa na kabureta ya kawaida, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye tangi. Ilipojaribiwa Februari 1903, beringi zilikwama na bloku ikapasuka, wakalazimika kusubiri bloku nyingine. Ile ya pili ilitoa kama nguvu za farasi 12, zaidi ya 8 walizokuwa wamezihitaji. Tarehe 17 Desemba, chombo kiliporuka kwa mara ya kwanza huko Kitty Hawk, jimbo la North Carolina, Taylor alikuwa Dayton.

Aliomba kufundishwa urubani, wakamkatalia, wakisema wanamhitaji karakanani na kwamba akijifunza atakwenda kuzurura nchini na maonyesho ya ndege. Hapa nawalaumu akina Wright, kwa sababu kumnyima fundi nafasi eti kwa kuwa ni fundi mzuri mno ni hila ya kale ya waajiri. Lakini hakuwa mtu wa kununa. Septemba 1908, Orville alipoanguka na ndege Fort Myer, kambi ya jeshi karibu na Washington, na abiria wake, Luteni Selfridge, akafa, Taylor alikuwa miongoni mwa waliokimbilia mabaki. Alimlegeza Orville tai na kumfungua shati, na walipochukuliwa aliegemea ndege iliyovunjika akalia.

Mwaka 1911 rubani Cal Rodgers aliazimia kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, akamwahidi Taylor dola 10 kwa siku pamoja na gharama ili amtunzie ndege. Kwa Wright alikuwa akilipwa 25 kwa wiki. Orville hakupenda, akamwomba walau ahesabu kwamba yuko likizoni. Taylor alikwenda, naye akawatanguliza mke wake Henrietta na watoto wao watatu California. Rodgers alianguka mara kwa mara njiani na ndege ikaundwa upya karibu yote. Huko California Henrietta aliugua, na Taylor akabaki kumuuguza. Ndipo wasimulizi wengi wanapomwacha, kana kwamba ametoka jukwaani, ilhali mimi naona hapo ndipo alipofanya jambo lililo wazi kuliko yote maishani mwake. Dola 10 kwa siku zilikuwa kwa ajili ya nyumba. Nyumba ilipougua, zikakosa maana.

Baadaye alirudi Dayton, akaendelea na kampuni ile hadi karibu 1920, na baadaye akahamia California kuishi huko. Akiba yake aliiweka kwenye ardhi ya zaidi ya ekari 300 kando ya ziwa la Salton Sea, akatumaini patachangamka. Mdororo wa uchumi ukaja, mauzo hayakutokea, na Henrietta akafariki. Mwaka 1937, Henry Ford alipotaka kulifufua duka la baiskeli la akina Wright katika kijiji chake cha makumbusho huko Michigan, watu wake walimkuta Taylor katika kiwanda cha ndege Los Angeles akilipwa kama senti 37 kwa saa, na wenzake hawakujua ni nani. Kutoka senti 30 hadi 37, kwa miaka 36. Hakuwa amewaambia, na naona ukimya huo ulikuwa heshima zaidi kuliko unyonge.

Mwaka 1945 moyo ulimshinda, akaacha kazi. Orville, aliyefariki tarehe 30 Januari 1948, alikuwa amemwachia dola 800 kwa mwaka, ila bei zilipanda na fedha hizo zikawa hazitoshi. Mwaka 1955 alikutwa katika wodi ya hospitali ya wasio na uwezo, na watu wa sekta ya ndege wakachanga ili ahamishwe. Alifariki 30 Januari 1956, tarehe ileile ya Orville, akiwa na umri wa miaka 87.

Krankishafti ile ya nyundo na tindo haipo tena. Mwaka 1906 iliazimwa pamoja na gurudumu la injini kwa maonyesho ya New York, na haikurudishwa.